Paa Lililokaa Kwenye Migomba Yangu

Tulipohamia lile bonde la upande wa Nyakatuntu nilikuwa na miaka kumi na tisa na ndoa ya miezi mitano. Siku hizi kule ni Wilaya ya Kyerwa. Wakati ule yote ilikuwa Karagwe, na ofisi zilikuwa mbali, Kayanga, mahali ambapo mtu alikwenda akiwa na shida kubwa tu. Tulikuwa kaya kumi na moja, zote za usharika mmoja. Kwetu tulikotoka, karibu na ziwa, vibanja, yaani mashamba ya migomba ya ukoo, vilikuwa vimegawanywa baba kwa mwana, baba kwa mwana, hadi ukisimama mlangoni unasikia jirani anavyokoroga uji wake. Mwinjilisti wetu alikuwa amefika Karagwe akaiona rweya, uwanda mpana wa nyasi usio na mgomba hata mmoja, na aliporudi alituhubiria habari za ardhi hiyo Jumapili mbili mfululizo. Jumapili ya tatu watu wakaanza kujiandikisha.

Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha muda si mrefu. Sukari ilikuwa habari tu, sabuni tulikata vipande vidogo kama vya dawa, na mabati hukuyapata hata ukiwa na pesa mkononi. Kwa hiyo hatukuwa na mengi ya kubeba. Lori la kahawa lilitushusha barabara ilipoishia, tukatembea siku moja na nusu, majembe begani, kuku kwenye matenga, na kila mwanamke na vichipukizi vya migomba kichwani.

Hilo la vichipukizi lilikuwa agizo la mama mkwe wangu. Alikuwa mjane, mfupi, mwembamba, na wanawake wote kumi na mmoja walimfuata bila yeye kupaza sauti. Alipita mbele ya kila mmoja wetu siku ya safari akihesabu: kumi na viwili, vimechongwa mizizi, vimefungwa kwenye magome mabichi visikauke. Changu kimoja alikuta kimelegea, akakifungua na kukifunga upya mwenyewe. Ndivyo alivyokuwa kwangu. Hakunigombeza hata siku moja, wala hakunisifu. Alinisahihisha tu: jinsi ya kushika kafuni, kile kijembe kidogo cha mkono, wakati wa kupalilia, jinsi ya kumenya ndizi bila kupoteza nyama yake, jinsi ya kuinama mbele ya wazee wakati wa kuamkia. Kila jioni nililala nikiwa nimejifunza jambo na nikiwa nimenyong'onyea.

Mume wangu alikuwa fundi wa nyumba. Alikuwa mpole, lakini akishaanza kazi haongei, na mwaka ule wa kwanza kazi haikuisha. Kila kaya ilihitaji nyumba. Watu walijengeana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, na yeye alikuwa kwenye kila zamu. Mimi nilibaki na upepo wa rweya, ambao ukivuma juu ya nyasi ndefu husikii kitu kingine chochote. Kwetu nilizoea kuamshwa na sauti za watu. Huku niliamka na kukaa kitandani nikisikiliza kama kuna mtu yeyote duniani. Nilimwomba mume wangu Krismasi ile ya kwanza nirudi nyumbani kusalimia. Hatukuwa na nauli. Akaniahidi ya pili. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeamua moyoni kuwa nikifika kwa mama yangu sirudi tena.

Kitu pekee nilichokuwa nacho kilikuwa kile kibanja. Mume wangu alichagua mahali pa kutujengea katikati ya mteremko, mbali kidogo na kaya nyingine za kwetu zilizokaa chini karibu na chemchemi. Nikavipanda vichipukizi vyangu kumi na viwili mbele ya nyumba, safu tatu. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto niliipitia migomba yangu mmoja mmoja. Niliitandazia nyasi, niliimwagia majivu, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunisikia, niliiimbia. Mwaka wa pili, mwishoni mwa Novemba, mgomba mmoja ukatoa ua. Nilikaa chini nikaliangalia lile ua jekundu linaloning'inia kama moyo wa ng'ombe, na kwa mara ya kwanza nikacheka peke yangu.

Juu ya mteremko waliishi watu wengine, kaya kumi na nne, familia zilizotoka Rwanda zamani, kabla sisi wengine hatujazaliwa. Walikuwa na ng'ombe na walisali kama sisi. Kabla hatujafika walikuwa wakikusanyika sebuleni kwa mzee wao, mtu mrefu mwenye fimbo ndefu na maneno ya pole. Wiki ile ya kwanza, wakati sisi tunalala kwenye vibanda vya majani, walitushushia maziwa kila asubuhi. Mwinjilisti akasema basi tuwe kanisa moja, na wote tukaona ni jambo jema.

Kiangazi kilichofuata tukajenga kanisa. Tulilijenga chini, karibu na chemchemi, kwa sababu ndiko tulikokuwa sisi tuliokata miti, na watu wa juu hawakutaka kubishana na wageni. Kuta zilikuwa za fito na udongo, paa la nyasi. Mama mkwe aliwaongoza wanawake wa chini na wa juu kukata nyasi wiki mbili nzima. Mume wangu alilisuka lile paa kwa kamba za magome, tabaka juu ya tabaka, nene kiasi kwamba mtu akisimama ndani mchana wa jua kali anahisi baridi shingoni. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini, na mwinjilisti aliigonga kwa nondo. Kiangazi hicho hicho, mwezi wa nane, moto ukapita mlimani, ukala nyasi zote zilizosalia hadi mpaka wa kata. Tulishukuru Mungu kuwa tulikuwa tumeshakata zetu.

Halafu mvua za vuli zikaja na nguvu ambayo hatukuijua. Chemchemi ile tuliyoipenda ikafurika. Jumapili moja tulikuta maji ndani ya kanisa yanafika kwenye vifundo vya miguu, na vyura wakituitikia wimbo. Jumapili iliyofuata ukuta wa nyuma ulikuwa umelala. Mchungaji, ambaye alikuja mara mbili kwa mwaka kwa pikipiki kutoka mbali, alikuwa ametuma neno kuwa angefika wiki moja kabla ya Krismasi kubatiza watoto na kuwabariki vijana wa kipaimara. Watoto wa kubatizwa walikuwa tisa. Mwinjilisti akaitisha kikao.

Sitasimulia maneno yote ya kikao kile. Watu wa juu walisema wameshuka na kupanda tangu kiangazi wakiwa kimya, sasa kanisa liende juu kwenye ardhi kavu, mbele ya nyumba ya mzee wao. Watu wa chini walisema kule juu kuna upepo na ni mbali kwa wazee. Mume wangu aliulizwa kuhusu kuta, akasema kuta ni kazi ya siku kumi, lakini paa haliwezi kufumuliwa. Nyasi nyingine hazipo, zile mpya zilizoota baada ya moto bado ni fupi, na ukifumua hizi zitavunjikavunjika. Akasema, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba paa likifungiwa miti ya mikaratusi kwa urefu na kwa upana, na watu wakiwa wengi, linaweza kubebwa zima.

Kura zikapigwa kwa mikono, na kwa kuwa wa juu walikuwa kaya kumi na nne na sisi kumi na moja, ikawa juu.

Mama mkwe alisimama akajifunga kanga vizuri. "Mimi sitapanda mlima kumtafuta Mungu," alisema. "Alinikuta hapa hapa chini. Nitasali nyumbani kwangu."

Akatoka. Yeye ndiye aliyekata nyasi zile, na magoti yake nilikuwa nikiyakanda kwa maji ya moto kila Jumamosi. Yule mzee wa juu aliinamia fimbo yake akachora kitu ardhini kisha akakifuta.

Siku ya kubeba ilikuwa Jumamosi. Asubuhi na mapema ukungu ulikuwa umejaa bondeni, na watu walianza kufika, wanaume na kamba, wanawake na kata za kichwani za kuwekea mabegani. Nguzo zilikuwa zimekatwa, paa limekaa juu ya panda, yaani miti yenye vichwa vya matawi mawili, likisubiri. Mwinjilisti akaomba. Kabla hajasema amina, mwanamke mmoja upande wa chemchemi akaita kwamba senene wameanguka.

Anayejua Kagera anajua kilichofuata. Senene, wale panzi wa kijani wa kuliwa, wakija hawangoji, jua likipanda wanaruka wanakwenda. Nyasi zote za bondeni zilikuwa za kijani zinazotembea. Watu waliacha kamba, wakaacha kata, wakakimbia na vikapu, na vitenge, na kofia. Mwinjilisti aligonga rimu ile mpaka mkono ukamchoka. Mwishoni aliiweka nondo chini, akavua viatu vyake vizuri akavipanga juu ya jiwe, akakunja suruali akaingia naye majanini. Mzee wa juu aliacha fimbo yake. Nilimwona mama mkwe wangu pia, ambaye alikuwa amesema hatakanyaga pale siku hiyo, akiwa mbali kidogo na wengine, mgongo kwetu, akikusanya kwa mikono miwili haraka kama msichana.

Kwa hiyo tulinyanyua paa jua likiwa juu tayari, karibu saa tano, badala ya saa moja. Na mbingu ilikuwa imeanza kubadilika upande wa magharibi, lakini kila mtu alikuwa na furaha ya senene na hakuna aliyeangalia.

Kila kaya ilikuwa na mahali pake kwenye miti. Mume wangu alitembea kinyumenyume mbele, akitoa amri kwa mkono zaidi kuliko kwa mdomo. Mwinjilisti alianzisha wimbo wenye mwendo mzito, na kwenye kila mwisho wa mstari tulipiga hatua. Ukiwa mbali ungesema nyumba imechoka kukaa bondeni ikaamua kupanda mlima kwa miguu yake. Majirani zetu Wakatoliki wa kilima cha pili walikuja kutazama, wakasimama na mikono nyuma kwa muda, kisha mmoja akauliza kama kuna nafasi ya bega, na baada yake wote wakaingia. Nilikuwa upande wa kushoto, kati ya mke wa mzee wa juu na mwanamke mmoja Mkatoliki nisiyemjua, na mabega yetu yalikuwa yakigongana. Vumbi la nyasi lilituingia puani, tukawa tunapiga chafya katikati ya wimbo na kucheka, na tukicheka paa linayumba, na mume wangu ananyoosha mkono tunatulia.

Katikati ya mteremko njia ilipita kati ya vichuguu viwili vikubwa. Mume wangu alikuwa amepima mapema, lakini alipima paa, hakupima miti iliyolibeba. Halikupita. Tukalishusha juu ya panda tupumue. Upande wa kulia kulikuwa na korongo. Upande wa kushoto kulikuwa na kibanja changu.

Aliniangalia. Sikuhitaji aseme. Nilifikiri ni kupita tu, pengine kuvunja majani mawili matatu, na watu wote walikuwa wamesimama wanatweta. Nikaitikia kwa kichwa.

Tukaingia kwenye migomba. Mgomba si mti wa kujitetea. Ulioguswa ulilala. Nilisikia ile sauti ya majimaji ya mgomba unaokatika, mmoja, mwingine, mwingine, na bega langu lilikuwa chini ya mti sikuweza hata kugeuka. Ndipo mvua ikatupiga. Haikuanza kwa matone, ilikuja nzima, upepo ukalikamata paa upande mmoja, watu wakapiga kelele, na mume wangu akainua mikono yote miwili. Panda nane zikasimamishwa, paa likashuka juu yake, na sote, watu wasiopungua mia, tukainama tukaingia chini ya kile tulichokuwa tumekibeba.

Tulikaa tumebanana kama ndizi za chana moja. Kingo za paa zilikuwa kiunoni, mvua ikatuzungushia ukuta wa maji pande zote, na ndani palikuwa pakavu kabisa. Mtu mmoja akaanza kucheka, kisha wote. Mwinjilisti alisema hajawahi kuona kanisa linajaa haraka namna hii.

Mimi sikucheka. Mbele ya magoti yangu, umelala ubavu chini ya mti wa mkaratusi, ulikuwa mgomba wangu wenye ua. Ua lenyewe lilikuwa limekanyagwa. Nililiokota nikaliweka mapajani na nikaanza kulia, na kwa kuwa wote walikuwa wanacheka nilidhani hakuna atakayeona.

Wakati huo mtu akainama ukingoni akaingia, ameloa kuanzia kichwani hadi miguuni, na kikapu amekifunika kwa jani la mgomba. Alikuwa mama mkwe wangu. Nyumba yake ilikuwa chini, na nilijua alikuwa amepanda mteremko ule wote katika mvua. Kicheko kikapungua. Mzee wa juu alisogea akamtengea nafasi.

"Karibu kanisani, waitu," alimwambia, kwa neno la heshima la kwetu.

"Sikuja kanisani," alisema mama mkwe. "Nimekuja kuangalia migomba ya mke wa mwanangu."

Akaangalia. Kwa kuwa ndani palikuwa kama jioni ilimchukua muda. Aliiona ile iliyolala, akaona nilichokuwa nacho mapajani. Akakaa mbele yangu, akaweka kikapu chini, na akaanza kusema, si kwangu bali kwa watu wote, kwa sauti ile ile ya kawaida ambayo mvua ilibidi inyamaze kidogo ili isikike.

"Huyu mtoto alivibeba vichipukizi hivi kichwani siku moja na nusu. Wengine walitupa viwili vitatu njiani, nilihesabu tulipofika. Vyake vilikuwa kumi na viwili. Anaamka kabla ya jogoo anaipitia mmoja mmoja. Anaiimbia. Mnadhani sijui? Nikiwa chemchemini namsikia. Nimelima tangu sijaolewa, sijaona migomba ya mwaka mmoja iliyotunzwa hivi. Na ninyi mmeikalia."

Sikuwahi kujua kwamba sauti yangu ilifika chemchemini. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nimedhani naimba peke yangu.

Mzee wa juu akavua kofia yake. Aliniomba radhi mimi, msichana mdogo, mbele ya wajukuu zake, akiniita mwanangu, na mke wake akanishika mkono. Mwinjilisti naye akaomba radhi, kisha mume wangu, ambaye masikini alisema tu kwamba angepaswa kupima miti. Halafu mama mkwe akafunua kikapu. Ndani kulikuwa na senene waliokwisha kaangwa, bado wa moto. Alikuwa amewakaanga wakati sisi tunabeba.

Zamani, kwa mila za kwetu, mwanamke aliwakamata senene akawakaanga, lakini hakuwala. Walikuwa wa mwanamume. Wasichana wa umri wangu tulishaanza kula kwa kujificha. Mama mkwe alichota gao moja akanitilia mikononi, la pili akatia kinywani mwake, akatafuna mbele ya wazee wote bila haraka, kisha akapitisha kikapu. Wanaume wakatazamana. Mzee wa juu akachukua gao lake akampa mkewe kwanza. Basi kikapu kikazunguka, na wengine nao wakatoa wa kwao mifukoni na kwenye vitenge, wabichi, wa kukaanga baadaye, wakioneshana nani alipata wengi.

Mvua haikuisha upesi. Tuliimba yote tuliyoyajua. Wakatoliki wakaimba zao, tukaitikia pale tulipoweza. Ilipopungua ikawa ni manyunyu, watu wa juu walitoka wakajaribu kunyanyua. Paa lilikuwa limenywa maji, zito maradufu, na udongo wa mteremko ulikuwa kama sabuni ile tuliyoikosa. Waliteleza, wakasimama, wakateleza tena. Mtoto wa mzee alikaa matopeni akacheka hadi akashindwa kuinuka.

Mzee alisimama akiangalia juu kwake, kisha akaangalia chini kwetu. Alipima kwa macho kwa muda mrefu.

"Nitasema ukweli," alisema hatimaye. "Magoti yangu mimi nayo si ya kijana. Kutoka kwangu hadi hapa si mbali. Na kutoka chini hadi hapa, mama huyu amepanda katika mvua akiwa na kikapu." Akanigeukia. "Lakini ardhi ni yako, mwanangu. Ukisema tuliondoe, kesho kukikauka tutaliondoa. Hakuna atakayekulaumu."

Wote wakaniangalia. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza jambo lolote mbele ya watu. Nilimtazama mume wangu, naye akatazama chini, kwa makusudi, ili jibu liwe langu. Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa anachambua mguu wa senene kwenye jino.

"Likae," nilisema.

Nilisema kwa sauti ndogo, lakini mke wa mzee alinisikia akapiga kigelegele, na wanawake wa chini wakakipokea.

Jumapili tulisali pale pale, kingo za paa zikiwa kiunoni, watu wameketi chini juu ya majani ya migomba yangu iliyokatwa. Mama mkwe alikaa mbele. Jumatatu niliamka kama kawaida nikatoka nje, na nikamkuta mke wa mzee amesimama na kichipukizi begani, cha aina ya ndizi ambayo kwetu hatukuwa nayo. Nyuma yake alikuwa mwingine. Walikuja siku nzima, wa juu na wa chini, na alasiri wakaja Wakatoliki wa kilima cha pili. Wanaume walifyeka nyuma ya nyumba yetu eneo lililo kubwa mara tatu kuliko lile la mwanzo, wakachimba mashimo, na mama mkwe akapita akihesabu. Alipofika arobaini akaacha, akasema sasa nitakufa kwa kupalilia. Kila aliyepanda alinieleza namna ya kutunza aina yake, na kila mmoja alinieleza tofauti, nikaitikia wote.

Paa likainuliwa juu ya nguzo mpya, na kuta zikajengwa kwa siku tisa. Nilikanyaga udongo na wanawake, miguu yetu ikiwa imeshikana katika tope lile jekundu, na sijui ni siku ya ngapi nilipogundua kwamba asubuhi hiyo sikukaa kitandani kusikiliza. Sauti zilikuwepo tayari, zikibishana mlangoni kwangu kuhusu maji ya udongo.

Mchungaji alikuja siku aliyoahidi. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alikwenda na pikipiki yake moja kwa moja hadi kwenye chemchemi, akakuta mashimo ya nguzo yamejaa maji, vyura, na kipande cha ukuta. Alitusimulia baadaye kwamba alivua kofia akasimama pale akiwaza kuwa tumeshindwa tukarudi kwetu, na akaanza kutunga barua ya kumpelekea askofu. Ndipo akasikia rimu yetu, tuliyokwisha kuihamisha, inagongwa juu mteremkoni, na kikundi kizima kikiteremka mbio kumpokea. Tulimsukuma yeye na pikipiki yake hadi juu. Akabatiza watoto tisa, na wa kumi aliongezwa asubuhi ile ile, mjukuu wa mzee, aliyezaliwa wiki iliyotangulia.

Tulikula nje. Watu wa juu walichinja ndama, watu wa chini walipika ndizi kwenye masufuria waliyoazima pande zote mbili, na kulikuwa na maji ya ndizi matamu yasiyochachushwa, kwa sababu ya mchungaji. Mama mkwe alinivuta mkono akanipeleka mbele ya mchungaji. Alisema, "Baba mchungaji, huyu ndiye mwenye kiwanja." Nikapiga goti nikaamkia, vizuri, kama alivyonifundisha.

Krismasi ile sikwenda nyumbani. Mume wangu alikuwa ameshaweka nauli, akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Tulikwenda Machi, sote wawili. Mama yangu alifurahi akanipikia kila nilichokipenda, na nilimweleza yote, siku nzima, hadi akaniuliza kama huko Karagwe kuna mtu anayelala. Alikuwa amepanga tukae mwezi mzima. Siku ya tisa nilimwambia lazima tuondoke Jumatano, kwa sababu Jumamosi ni zamu yetu ya kufagia kanisa na maharage yangu yatakuwa yamezidiwa na magugu. Akainuka, akaenda jikoni akaanza kufunga samaki wakavu wa kumpelekea mama mkwe wangu.